Kanga Iliyosema Bado

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gunzi, pakawa kifuu, pakawa tambara lililochoka na ufagio uliobaki kisiki. Sogeeni karibu na moto. Tunu, mpishe mwenzio. Na wewe Shomari, hilo gunzi la hindi ulilomaliza kulitafuna usilitupe jivuni. Liweke hapo pembeni, leo lina la kusema.

Zamani hizo, ambazo hata bibi yangu mimi alizikuta zimeshapita, vitu vya nyumbani vilikuwa na midomo. Si kwamba vilipiga porojo mchana kutwa, la. Mara nyingi vilijibu pale tu vilipoulizwa. Basi palikuwa na kijiji cha wasuka mikeka, na katika kijiji hicho, kila mwaka baada ya mavuno, watoto wa kike walifanya arusi ya wanasesere. Ilikuwa arusi ya kweli kasoro bibi arusi. Wali ulipikwa katika vyungu vidogo, ngoma ilipigwa, kina mama walitandikiwa jamvi wakakaa, wakapiga vigelegele mpaka makoo yakawakauka.

Kila msichana alitengeneza mwanasesere wake. Yule aliyewapendeza kina mama ndiye aliyekuwa bibi arusi wa mwaka ule, na aliyemtengeneza alikalishwa juu ya jamvi katikati ya watu wazima, akalishwa tonge la kwanza. Lakini palikuwa na mwiko. Mwanasesere alitengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kazi, wala si kwa uzi mmoja wa kitu kinachotumika. Kwa hiyo kabla hujaokota, unakiuliza kitu chenyewe:

"Kazi yako imekwisha?"

Kikijibu imekwisha, unakichukua. Kikijibu bado, unakirudisha ulipokitoa na unakwenda zako.

— Hata kijiko, bibi?

Hata kijiko.

— Na kopo la maziwa?

Kopo wakati ule halikuwapo, ila lingekuwapo lingejibu. Hilo gari lako la kopo, Tunu, lingesimama hapa kwenye moto litueleze hizo kandambili ulizochonga magurudumu zilikuwa za nani, na kama zilikuwa zimekatika kweli. Mbona umenyamaza? Haya, tuendelee.

Alikuwapo msichana aitwaye Siwatu. Mama yake, Mwanamvua, ndiye aliyekuwa somo wa arusi ile. Yeye ndiye aliyewapokea wanasesere, akawapaka hina, na mbele ya watu wote akaviuliza tena vitu vyao kimoja kimoja, ili ijulikane kuwa hakuna kilichonyang'anywa kazi yake. Siwatu alikuwa mtoto wake wa pekee. Alizoea kwamba mapaja ya mama ni yake, mgongo wa mama ni wake, na ukoko wa chini ya chungu ni wake vilevile.

Kisha mdogo wake Mwanamvua, jina lake Riziki, aliyeolewa kijiji cha mbali, akafariki. Mwanamvua akaenda matangani. Aliporudi, alikuwa amemshika mkono mtoto wa marehemu, Chausiku. Chausiku hakuja na sanduku wala sufuria. Alikuja na kanga moja ya mama yake, imepauka, imechanika pindo, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba maji kwenye jani la mgomba.

"Huyu ni mdogo wako," Mwanamvua akamwambia Siwatu. "Mpishe mkekani."

Siwatu akampisha. Ila akampisha padogo.

Na siku hiyo kitu kikaingia kifuani mwa Siwatu, kidogo kama siafu. Kikazunguka zunguka, kikatafuta pa kukaa, kikang'ata.

— Kilipitia wapi, bibi?

Kilipitia machoni. Alimwona mama yake anamchambulia Chausiku miiba ya samaki, jambo ambalo yeye Siwatu alishaambiwa amekuwa mkubwa, ajichambulie mwenyewe. Basi pale pale kikapita.

Mavuno yakaisha, arusi ikakaribia. Siwatu akasema moyoni, mwaka huu nitakalishwa jamvini mimi. Mama ataniona, na akiniona mimi hatakuwa na jicho la kumtazamia mtu mwingine. Akainuka akaingia jikoni. Akaona upawa unaning'inia, akauuliza kazi yake imekwisha. Upawa ukajibu, "Bado, jana tu nimepakua mchuzi wa kunde, na wewe ukaomba kuongezwa." Siwatu akauacha. Akatoka nyuma ya nyumba, kwenye jaa. Pale akakuta upawa mwingine, wa zamani, kifuu chake kimepasuka.

"Kazi yako imekwisha?"

"Imekwisha," upawa ukajibu. "Mimi nikichota, mchuzi unaishia njiani."

Akauchukua. Mpini ukawa mwili, kifuu kikawa kichwa. Akakichora macho kwa mkaa, akampa na mdomo. Mwanasesere akatokea, ana uso mpana, anacheka. Siwatu akampenda. Akambeba mbio kumpelekea mama.

Alipofika uani akamkuta Chausiku ameshatangulia. Chausiku alikuwa ameokota gunzi, gunzi kama hilo la Shomari, lililosema kazi yake imekwisha. Kwenye kichwa cha gunzi alikuwa amebandika ndevu za mahindi zilizokauka, amezisuka mabutu mawili. Mwanamvua akamtazama yule mwanasesere, akacheka. Tangu arudi matangani mwanamke yule alikuwa hajacheka. Siwatu alikuwa amejaribu kila namna, amecheza, ameiga mwendo wa bata, ameanguka kusudi kwenye tope, na mama yake aliishia kutabasamu nusu mdomo. Sasa gunzi lenye mabutu likamchekesha mpaka akashika ubavu.

Siwatu akamficha mwanasesere wake nyuma ya mgongo. Upawa ukamuuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hunitoi na mimi nionekane?" Akaurudisha jaani, akautupa kifudifudi.

Akaokota gunzi lake mwenyewe. Likasema imekwisha, sawa. Lakini nywele. Alitaka nywele zilizopita zile za Chausiku, laini, zenye rangi ya asali. Nywele za namna hiyo hazikuwa jaani. Zilikuwa shambani, kwenye tuta la mahindi yaliyochelewa kupandwa. Siwatu akaenda, akashika hindi la kwanza.

"Kazi yako imekwisha?"

"Bado," hindi likasema. "Sijaota meno."

Alipaswa kuondoka. Akasimama. Yule siafu kifuani akang'ata. Siwatu akazing'oa zile ndevu, akaenda hindi la pili, akang'oa, na la tatu, na kila moja lilimwambia bado, sijaota meno, na kila moja alilinyonyoa.

— Si alipewa jibu, bibi?

Alipewa. Sikio lilisikia, mkono haukusikia.

Mwanasesere wake akapata nywele zilizomshuka mpaka miguuni. Siwatu akamweka mafichoni nyuma ya mtungi, akisema moyoni atamtoa siku ya arusi. Kwamba nywele zile zitaulizwa tena mbele ya watu, yule siafu hakumpa nafasi ya kuwaza.

Sasa sikilizeni. Mwanamvua alikuwa anasuka mkeka wa arusi ile, mkeka wa rangi nyeupe na nyekundu. Chausiku alikaa karibu na magoti yake, akiokota vipande vya miyaa vilivyokatwa na kuanguka. Kila kimoja alikiuliza. Kila kimoja kikasema imekwisha, mimi ni mkato tu. Navyo akamsukia mwanasesere wake mkanda mwembamba. Haukuwa wa ajabu, mkanda wenyewe, wa vipande vifupi vilivyoungwa. Lakini Mwanamvua akaushika, akaugeuza geuza, akasema, "Hii mikono ya Riziki hii. Sikujua kama nitaiona tena." Akamvutia yule mtoto kifuani.

Siwatu alikuwa anapepeta mchele pale kwenye kizingiti. Naye ana mikono, naye anasuka. Hakuna aliyesema mikono yake ni ya nani. Yule siafu akavimba, akaota mkia, akawa panya. Na panya, kama mnavyomjua, hang'ati akatulia. Huyo hutafuna.

Mama alipokwenda kisimani, Siwatu akauendea mkeka.

"Kazi yako imekwisha?"

"Bado," mkeka ukasema. "Sijafika ukingo. Hata kukaliwa sijakaliwa."

Akavuta uzi wa miyaa mwekundu. Ukaja mrefu, mzuri, unang'aa. Akavuta mwingine. Mkeka ukaanza kufumuka upande mmoja, ukalegea kama mdomo wa mzee aliyesinzia. Siwatu akakimbia na alichokipata.

Mwanamvua aliporudi akaukuta mkeka katika hali ile, na kando yake kuku wao mwenye vishungi anatembea zake akitafuta chenga za mchele. Kwa hasira, bila hata kuuliza mkeka, akamkamata kuku.

"Mimi?" kuku akasema. "Mimi nimefanya nini? Nimepita tu."

"Wewe na kucha zako."

"Nionyesheni alama ya kucha. Mama Siwatu, hebu tazama vizuri, hapo pamevutwa, hapajaparuliwa. Mimi nikiparua najulikana."

Hakuna aliyemsikiliza. Kuku akafungwa mguu kwenye nguzo ya banda. Siwatu akapita mbele yake amejaza mdomo maji, maana alikuwa anakunywa ili asiulizwe kitu. Kuku akamtazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akamtazama kwa la pili. Hakusema neno. Siwatu akaona afadhali angesema.

— Maskini kuku.

Maskini kuku, ndiyo. Na siku ile alikuwa na yai.

Sasa mwanasesere wa Siwatu alikuwa na nywele za asali na mkanda mwekundu, alibaki uchi tu. Ikaja zamu ya nguo. Matambara yalikuwa tele nyumbani mle. Palikuwa na shati la babake lililobaki kola, palikuwa na kitambaa cha kufunikia unga kilichotobolewa na mende. Siwatu hakuviuliza hata kimoja. Macho yake yalikuwa kwenye ile kanga ya Chausiku.

Kanga ile ilimuudhi tangu siku ya kwanza. Yeye akichafua nguo aliambiwa avue mara moja ifuliwe, lakini kanga ya Chausiku mama alikataza isiguse maji. Ilinuka moshi na jasho, na bado ilikunjwa vizuri na kuwekwa kichwani pa mkeka. Kila Chausiku alipojilaza, alijifunika uso kwa kanga ile, na Mwanamvua alikuja kumfunika miguu iliyobaki nje. Siwatu naye alikuwa na miguu. Akaanza kuiacha nje ya shuka kusudi. Siku nyingine mama alimfunika, siku nyingine alipitiliza, hakuona. Siwatu alizikumbuka zile alizopitiliza tu.

Panya kifuani akala, akanenepa, akaota pembe. Akawa beberu. Beberu, wanangu, haulizi njia, anatanguliza kichwa.

Mchana mmoja Chausiku alikwenda kuchota maji. Siwatu akachukua kisu cha kuchania miyaa, akaingia ndani, akaikunjua ile kanga sakafuni. Mwiko ni mwiko, akauliza, ila aliuliza haraka haraka kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia.

"Kazi yako imekwisha?"

"Bado," kanga ikasema.

Laiti angeuliza bado nini. Angejibiwa. Badala yake akaanza kuimba wimbo wa arusi kwa sauti kubwa, ili asisikie neno jingine, na huku anaimba kisu kikapita. Akakata kipande cha katikati, pale palipokuwa laini kuliko pote, palipochakazwa na kitu ambacho yeye hakukijua. Kilichobaki akakikunja upya, tundu likawa ndani, nje pakaonekana salama.

Chausiku alirudi, akatua ndoo, akaenda kujilaza. Akaivuta kanga yake ajifunike. Mwanga ukampiga usoni kupitia katikati ya nguo. Siwatu alikuwa mlangoni, akaona yote. Alingoja kilio. Alijiandaa kusema panya, alijiandaa kusema mende, hata kuku alikuwa anamfikiria tena. Lakini Chausiku hakulia. Aliingiza mkono wake katika lile tundu, akautoa upande wa pili, akautazama mkono wake. Kisha akaikunja kanga vilevile ilivyokuwa, tundu ndani, akalala bila kujifunika.

— Kwa nini hakumwambia mama yake mkubwa?

Kwa sababu alikuwa amekuja kwa watu, Tunu. Aliyekuja kwa watu hajui bado kama ameruhusiwa kulia.

Siku ya arusi ikafika. Kina mama wakakaa jamvini. Ule mkeka Mwanamvua aliusuka upya upande uliofumuka, ukatandikwa mbele. Vyungu vikatoa moshi, wasichana wakaleta wanasesere wao. Mwatime, binti wa jirani, mdogo kuliko wote, alileta kisiki cha ufagio kilichofungwa kamba katikati, hakina macho wala mdomo. Watu wakacheka, naye Mwatime akacheka nao, akasema mwanasesere wake ana haya, ndiyo maana amegeuka. Chausiku alikuja mikono mitupu. Alipoulizwa gunzi lake liko wapi akasema limelala.

Siwatu akatoa wake.

Kigelegele kimoja kikapanda, na vingine vikakifuata. Nywele za asali, mkanda mwekundu, na gauni la kanga lililolainika kama shavu la mtoto. Kina mama wakasema huyu ndiye, hakuna haja ya kutafuta, na mmoja wao akasogea kumpisha Siwatu jamvini. Siwatu akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamtazama yeye, yeye peke yake, kama alivyotaka. Beberu kifuani akatulia kwa mara ya kwanza.

Mwanamvua akampokea mwanasesere, akaanza kazi ya somo. Akagusa nywele.

"Kazi yako imekwisha?"

"Bado," nywele zikasema. "Sijaota meno."

Watu wakatazamana. Na mkitaka kujua, mahindi ya tuta lile yalipovunwa yote yalikuwa vibogoyo, gunzi tupu bila punje. Mwanamvua akagusa mkanda.

"Kazi yako imekwisha?"

"Bado. Sijafika ukingo."

Kutoka kwenye nguzo ya banda sauti ikasikika ikisema, "Mimi nilisema. Nilisema tangu siku ile."

Mkono wa Mwanamvua ukashuka kwenye gauni. Ukaishia hapo. Vidole vyake viliitambua nguo kabla ya macho, na alipokwishaitambua hakuweza kuuliza. Akamweka mwanasesere mikononi mwa Siwatu.

"Uliza wewe," akasema.

Siwatu akatazama chini. Akauliza, kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia.

"Bado," kanga ikasema.

Safari hii hapakuwa na wimbo wa kuifunika. Siwatu akauliza, "Bado nini?"

"Bado nimebeba. Nina watoto wawili mgongoni, sijamshusha hata mmoja."

Hapo ndipo Siwatu alipomgeukia Chausiku, akamhesabu mmoja, akatafuta wa pili, asimwone. Mwanamvua akakaa chini pale pale, juu ya mkeka mpya, akamwambia. Alimwambia kwamba alipomzaa, homa ilimshika ikamlaza, hata mikono haikuweza kumnyanyua mtoto. Riziki alikuwa bado msichana wa nyumbani, hajaolewa. Akachukua kanga yake nzuri kuliko zote, akaifanya mbeleko, akamfunga Siwatu mgongoni. Akatwanga naye, akachota maji naye, akasuka mikeka huku anamtikisa. Pale katikati palipolainika ni Siwatu aliyepalainisha, kwa shavu lake. Riziki alipoolewa akaondoka na kanga ile, na alipompata Chausiku akambebea hiyo hiyo.

"Mama wa huyu alikuwa wako kabla hajawa wake," Mwanamvua akasema. "Hakuna siku Chausiku ameniuliza kwa nini wewe ulitangulia kubebwa."

Siwatu akaanza kulia. Yule beberu, hata sijui alitoka kwa njia gani. Wengine wanasema alitoka kwa machozi, kwa mlango uleule alioingilia.

— Akapigwa, bibi?

Hakupigwa. Alipewa sindano. Akalifumua lile gauni mbele ya watu, uzi mmoja mmoja, mwanasesere akabaki gunzi. Kisha akaletewa kanga, akaanza kukirudisha kipande mahali pake. Ngoma haikuweza kungoja na wali haukuweza kungoja, maana vyungu vilikuwa vinaanza kuungua. Basi bibi arusi wa mwaka ule akawa yule wa Mwatime, kisiki cha ufagio. Mwanamvua akakiuliza, nacho kikajibu imekwisha, imekwisha kabisa, nimefagia mpaka nimebaki kimo hiki. Kikapakwa hina. Watu walicheza nyuma yake mpaka vumbi likapanda, na hakuna aliyelalamika kwamba bibi arusi hana uso.

Siwatu alishona pembeni. Alijichoma kidole, akashona. Chausiku akaja, akakaa si karibu sana. Akatazama.

"Mshono wako mbaya," akasema.

"Mbaya," Siwatu akakubali.

"Hapa umekunja. Fumua."

Akafumua. Uzi ukamwishia. Chausiku akainuka, akaenda kwenye jaa, Siwatu akamsikia anazungumza na gunia kuukuu, kisha Chausiku akarudi na nyuzi za gunia hilo, zilizosema zimekwisha. Akatunga sindano, kwa sababu macho ya Siwatu yalikuwa yamejaa maji hayaoni tundu. Akaanza upande wake, Siwatu upande wake, wakakutana katikati. Mshono haukunyooka. Kanga ilivutika kidogo upande mmoja, na ukiitandika inainuka kama mtu aliyepandisha bega. Lakini tundu halikuwapo tena.

Siwatu akaenda jaani, akamtafuta yule mwanasesere wa upawa, akamgeuza. Bado alikuwa anacheka. Akampeleka kwa mama yake, akampa. Mwanamvua akamtazama ule uso mpana, akatazama na uso wa binti yake, akasema wanafanana. Akacheka. Si sana, lakini alishika ubavu.

Kuku alifunguliwa, akaombwa radhi na nyumba nzima. Radhi hakuitoa. Alisema mmenifunga kwa kuparua mkeka nisiouparua, basi sasa nitauparua mjue tofauti. Ndiyo maana mpaka leo ukitandika mkeka uani ukageuka kidogo, unamkuta kuku juu yake anafanya kazi.

Na mchana, jua lilipokuwa kali na watu wamejinyoosha, wale watoto wawili walilala chini ya kanga ile, mshono ukiwa kati yao. Siwatu alikuwa amesogea sana, Chausiku akawa na nafasi kubwa kuliko yeye. Mwanamvua akapita, akawakuta miguu minne iko nje. Nguo haikutosha kuifunika yote. Akakaa chini, akaifunika kwa upande wa kanga yake mwenyewe aliyokuwa amejifunga.

Siwatu hakuwa amelala. Akauliza polepole, midomo ikigusa nguo, "Kazi yako imekwisha?"

"Bado," kanga ikasema.

Basi wanangu, mkiona mwenzenu anapewa kitu mkasikia siafu kifuani, msikimbilie kisu. Wivu unakuhesabia alichopewa mwenzio sasa hivi, haukuambii wewe ulipewa nini ulipokuwa hujui hata kuhesabu. Uliza kwanza. Ukiambiwa bado, uliza bado nini. Na wewe Tunu, hizo kandambili za babu kesho asubuhi zirudi mlangoni, zikiwa na magurudumu au bila magurudumu.

Hadithi yangu imeishia hapa. Nami nimeiuliza kama kazi yake imekwisha. Imesema kwangu imekwisha, kwenu bado.